Siku yangu na mita 560 za gundi

Saa 11:20 alfajiri. Kabla ya kupanda daladala nainama kugusa majani kando ya kituo. Mkono unatoka umelowa. Umande. Asubuhi imeshaharibika.

Saa 1:00 asubuhi. Saiti, Temeke. Tunajenga bustani ya mapumziko yenye uwanja wa nyasi bandia, mita 60 kwa 40, na taa za kuchezea usiku. Vijana wananiita injinia. Cheti changu kinasema fundi sanifu, nimechoka kuwasahihisha. Kapeti linakuja kwa roli zenye upana wa mita 4. Kuujaza uwanja zinaingia roli 15, maana yake maungio 14, kila moja mita 40. Jumla mita 560, na kila mita inapakwa gundi na mtu aliyepiga magoti.

Saa 2:30. "Dada injinia, tuanze tu." Nakataa. Wiki iliyopita tulianza na unyevu, ungio likaachama kama mdomo wa samaki, tukabandua mita 12 kwa visu. Na aliyesema tuanze siku ile ni mimi.

Saa 4:00. Jua limekaza, sasa kazi. Unakunja kingo mbili, unalaza utepe chini, unapaka gundi kwa mwiko wenye meno, unasubiri ianze kunata, ndipo unarudisha kingo polepole kwa vidole. Jani la kapeti likinaswa chini ya ungio, hapo patabaki mstari kama kovu, na kila mchezaji ataliona.

Saa 6:15 mchana. Kapeti linaunguza hata ukiwa na viatu. Nakataza kukata kipande chochote: joto linalitanua, ukikata sasa hivi likae sawasawa, usiku linasinyaa na asubuhi unakuta ufa. Wali maharage kwa mama ntilie, chini ya mwembe.

Saa 8:00. Mzee mmoja wa mtaani ameingia na bakora yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hapa masika palikuwa bwawa. Hilo zulia lenu si litaelea?"

Nikachota ndoo ya maji, nikaimwaga mbele ya miguu yake. Yakazama yote. Chini ya kapeti kuna kokoto kubwa, juu yake ndogo, na mabomba yenye matundu yanayopeleka maji mtaroni. Kazi hiyo ilikula muda mrefu kuliko hili kapeti, na hakuna atakayeipiga picha. Mzee akatikisa kichwa, akaniuliza la pili: "Na wajukuu zangu watalipishwa?" Hapo nikakosa ndoo ya kumwaga. Tangu kituo cha michezo cha JMK Park kifunguliwe pale Kidongo Chekundu mwaka 2015, nyasi bandia si ajabu tena Dar. Watu wanataka kujua nani atashika ufunguo.

Saa 10:00 jioni. Upande uliokwisha kukauka tunamwaga mchanga wa silika, ndio unaoyasimamisha majani. Kesho zitafuata chembe za mpira. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 katazo la kuziuza, kwa mpito wa miaka 8, kwa sababu huhama na maji kama plastiki ndogondogo. Mtaro wetu mwisho wake ni bahari, kwa hiyo nimeng'ang'ania vichujio kwenye kila tundu la kutolea maji. Wenzangu wananiona msumbufu.

Saa 1:30 usiku. Taa zinawashwa kujaribiwa. Mkataba unataka wastani wa laksi 200, yaani kipimo cha mwanga unaofika uwanjani. Napita na kipima mwanga, hatua kwa hatua, naandika. Kona ya kusini inasoma 130. Balbu ni nzima, ila taa imetazama barabarani. Fundi umeme amepanda, anaigeuza kidogo. "Basi, hapo hapo!" 205.

Nje ya uzio watoto wanashangilia kila nguzo inapowaka. Mmoja ana mpira kwapani tangu saa 11.

"Dada, leo?"

"Bado, gundi haijashika."

"Kesho?"

"Kesho pia bado."

Akaukalia mpira wake, akaendelea kutazama. Nikazima nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Iliposalia moja tu ndipo aliponyanyuka.