Kigogo cha Bibi Hakimcheleweshi Mtoto

Tangu Serikali ihamie Dodoma, nyumba nyingi za hapa mjini zimekuwa za wazazi wenye lugha mbili au tatu, na humo husikika agizo lilelile: "Usimsemeshe mtoto Kigogo, atachelewa kuongea na shuleni atapata shida." Hofu hiyo si yetu peke yetu. Wataalamu wa Ulaya na Marekani waliishikilia kwa miaka mingi, hadi mwaka 1962 Elizabeth Peal na Wallace Lambert walipowapima watoto wa miaka 10 mjini Montreal, Kanada, wakakuta waliojua Kifaransa na Kiingereza wakiwazidi wenzao wa lugha moja katika majaribio ya akili. Watafiti bado wanabishana kuhusu ukubwa wa faida hiyo, na binafsi simwahidi mzazi yeyote kwamba Kigogo kitamfanya mwanawe aongoze darasa, lakini hasara iliyohofiwa haikuthibitika.

Kinachowatisha wazazi ni hesabu ya maneno. Mtoto wa lugha mbili aweza kujua maneno machache ya Kiswahili kuliko mtoto wa jirani, kwa kuwa muda wake wa kusikiliza umegawanyika. Ukijumlisha na yale ya Kigogo, kwa kawaida hapungukiwi. Kuchanganya lugha nako si dalili ya kuchanganyikiwa. Binti wa dada yangu, ambaye hajaanza shule ya awali, humwomba bibi yake mlenda kwa Kigogo, kisha hunigeukia papo hapo na kunishtakia kwa Kiswahili kwamba bibi amegoma kumwongezea, wala hakuna aliyemfundisha nani asemeshwe kwa lugha ipi.

Ninachokihofia mimi ni mzazi anayeacha Kigogo anachokimudu, akamsemesha mtoto Kiingereza cha kubahatisha kwa sababu sekondari hufundishwa kwa lugha hiyo, na muda uliobaki akamwachia televisheni. Mtoto huyo hukosa hadithi, mabishano na maswali marefu, yaani mambo yanayomkuza katika lugha yoyote ile.

Na mtoto akifikisha miaka miwili bila kuunganisha hata maneno mawili, si kwa Kigogo wala kwa Kiswahili, apelekwe hospitali akapimwe, usikivu wa masikio ukiwemo, huku bibi akiendelea kumsemesha kama kawaida.