Nilidhani umeshaondoka

Mzee wa Chini, jirani yangu wa ghorofa ya chini hapa Hamburg, kanisemesha. Mnaonisoma tangu Septemba mnajua uzito wa habari hiyo. Ni yuleyule wa mlango wa kushoto ukiingia tu, mwenye kofia ya baharia, aliyebandika lile tangazo la baiskeli kwenye ngazi kwa herufi kubwa zilizopigwa rula. Muda wote huu tumekuwa watu wa salamu ya kidevu. Yeye anashusha chake, mimi nashusha changu, kila mmoja anashika njia yake, huku kinywa kikiniwasha, maana mtu wa umri ule kumpita bila shikamoo mwili wangu bado unakataa.

Basi Jumatatu narudi kazini, giza limeingia zamani (Novemba jua la Hamburg linazama saa kumi na robo jioni, nimeshalililia humu, silirudii). Nipo mlangoni nachakura ufunguo kwenye begi. Mlango wake ukafunguka, akatoka na boksi la karatasi za kutupa. Akaniona, akasimama.

"Kumbe upo? Nilidhani umeshaondoka."

Nikamjibu, "Hapana. Bado nipo."

"Haya," akasema. "Jioni njema."

Akaenda zake kwenye mapipa. Hayo ndiyo mazungumzo yote. Yalikuwa ya Kijerumani na nilielewa kila neno, jambo ambalo siku nyingine ningelipigia vigelegele, nikawatumia na sauti kwenye kundi letu la chuo.

Lakini umeshaondoka? Niende wapi? Ngazi za nyumba hii ni za mbao na zinalia. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu nashuka na viatu vyangu vya baridi, vile mlivyosema vya mwanajeshi, nikipita mbele ya mlango wake. Mashine ya kufulia ipo chini kabisa, na kwenda huko pia napita kwake. Huyu ni mtu aliyesikia baiskeli ya mwenzetu wa juu ikigusa ukuta mara moja, akaandika tangazo. Sasa sikio hilohilo limenisikia mimi kila siku na kufikia uamuzi kwamba sipo.

Na alidhani hivyo kwa muda gani? Tangu juzi? Tangu Oktoba? Hiki ndicho kinachonikosesha usingizi. Pengine kuna wiki nzima nilikuwa napanda na kushuka huku kwa hesabu za Mzee wa Chini chumba changu ni kitupu. Na alilisema kwa sauti ya mtu anayetaja kwamba mvua imekatika. Wala si kwa ubaya. Angalau ubaya ningejua pa kuuweka.

Siku naondoka kwetu Mtoni, Dar, hata muuza mkaa alijua saa ya ndege. Mama Chapati alikuja saa kumi alfajiri na kitenge kichwani, akalia kuliko mama mzazi, ikabidi mama ambembeleze yeye. Mtaa ule mtu haondoki kwa kudhaniwa. Ukikosekana kibarazani siku mbili watakuja kugonga wajue unaumwa, umeolewa au umefungwa, na jibu lolote utakalowapa litafika hadi mtaa wa kwa Aziz Ally kabla ya magharibi. Nilikuwa naona kero. Niliwahi kuapa humu kwamba nikipata mji ambao hakuna anayejua naingia saa ngapi, nitachinja mbuzi. Mbuzi bado mzima.

Na miji yenyewe, Dar na Hamburg, ina undugu wa mkataba tangu 2010. Kuna hadi uwanja wenye jina la Dar es Salaam pale HafenCity, mtaa mpya wa bandarini, mkanitania niende nikatandike mkeka. Mzee wa Chini undugu huo haujamfikia.

Usiku wa Jumatatu nilitunga jibu. Jumanne nikalirekebisha. Kufikia Alhamisi nilikuwa na sentensi ya Kijerumani safi, kitenzi kimekaa mwishoni panapostahili, yenye adabu lakini inauma kidogo: kwamba nitakapoondoka nitakuja kumuaga, ili asihitaji kudhani. Nimeifanyia mazoezi nikipiga mswaki. Tatizo, tangu siku hiyo hajatokeza, na jibu lenyewe linaanza kuchacha.

(Mengine ya wiki: dada mkubwa kajifungua salama, mtoto wa kiume, wote wazima, kadi yangu ya ukaazi imetoka, na Jumatano nimekabidhiwa shehena ya kwanza kuisimamia mwenyewe, kontena mbili za kahawa ya kwetu. Nitaviandika kwa raha zake.)

Ofisini nilimhadithia mwenzangu wa meza ya mbele, yule mzaliwa wa hapa wa wazazi wa Kituruki. Ndiye aliyenifundisha kwamba Jumapili maduka hufungwa, na kwamba chupa ya plastiki ya maji haitupwi, unairudisha dukani unapewa senti zako 25. Akacheka mpaka akaivua miwani. "Angekuwa hakutaki," akasema, "angekuandikia barua." Eti watu wa aina ile ukiwaudhi hawakwambii mdomoni, unakuta kikaratasi kwenye ngazi chenye tarehe na saa ya kosa. Mzee kusimama na boksi mkononi na kukutamkia sentensi nzima, kwake hiyo ni hotuba.

Kisha akaniuliza nyumba yetu iko upande gani wa Wilhelmsburg, hiki kisiwa cha mtoni ninakoishi, nikamweleza, naye akanisimulia habari ambayo sikuwa naijua kabisa. Usiku wa kuamkia Februari 17, 1962, dhoruba ya Bahari ya Kaskazini ilisukuma maji kuja juu ya Mto Elbe, tuta za udongo zikapasuka, na hapa Hamburg wakafa watu 315, wengi wao Wilhelmsburg, wakiwa wamelala. Kumbuka bahari yenyewe iko mbali, kama kilomita 100 kutoka hapa. Mimi nafanya kazi bandarini, najua kwamba maji ya mto huu yanajaa na kupwa zaidi ya mita tatu na nusu kila siku, ratiba za meli kubwa tunazipanga kwa hayo, lakini sikuwahi kuyafikiria yakiingia chumbani kwa mtu usiku. Kisiwa chetu kimezungushiwa tuta refu, mimi nilikuwa napanda juu yake Jumapili kupiga picha za kondoo.

Nikarudi nyumbani nikimwangalia Mzee wa Chini kwa macho mengine, ingawa alikuwa nyuma ya mlango. Kwa umri wake mwaka ule alikuwa mtoto. Labda alizaliwa hapahapa. Labda kuna jirani ambaye kweli alilala na asubuhi hayupo. Nilifika ghorofa ya pili nimeshamtungia msiba mzima, na wadogo zake wawili nimewazamisha. Halafu nikajiambia acha hizo, mzee wa watu anaweza kuwa kahamia hapa mwaka juzi kutoka Bavaria.

Kwa mama ndiko nilikovurugwa zaidi. Tangu saa zirudishwe nyuma mwisho wa Oktoba, Dar wametutangulia saa mbili, hivyo nikitoka kazini namkuta anataka kulala. Ijumaa nikamuwahi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikamweleza yote, na sauti ya mzee nikaigiza. Nilitegemea atasema wazungu hawana utu, kama alivyosema kisa cha yule wa kwenye treni. Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekata.

"Huyo baba ana mke?"

"Sijui, mama."

"Watoto wanakuja kumwona?"

"Sijui."

"Jina lake?"

Jina liko kwenye kengele, nimelisoma mara nyingi, ila kwa ulimi wa mama lisingetamkika, nikasema tu ni mzee fulani.

"Kwa hiyo na wewe," akasema, "kesho ukiambiwa kafa, utasema ulidhani yupo."

Kisha akaniuliza kama blanketi la pili nimelinunua.

Sikulala vizuri. Jibu langu la Kijerumani likabaki mdomoni halina pa kwenda.

Jumamosi ndipo mambo yalipogeuka. Nilikwenda Steindamm, ule mtaa wa nyuma ya stesheni kuu wenye maduka ya kila taifa, nikapata unga mweupe wa mahindi, mihogo, na kopo la maziwa ya nazi ambalo nitalisingizia kuwa nazi. Narudi mikono imejaa, mvua ile ya huku isiyonyesha wala kukatika. Nikaona nisitafute ufunguo, nibonyeze kengele mwenye nyumba wangu anifungulie.

Kwa ambao hamjaliona hili: nyumba za huku milango haina namba. Hakuna chumba namba nne wala ghorofa B. Kuna jina kwenye kengele na jina kwenye sanduku la barua, basi. Jina lako lisipokuwepo, tarishi anageuza na barua yako, hata iwe ya serikali. Ndiyo maana siku ya kwanza kabla hata ya maji ya kunywa mwenye nyumba alikata karatasi, akaandika jina la baba yangu kwa kalamu ya wino, akalibandika chini ya lake kwa selotepu.

Karatasi ile haikuwepo. Mahali pake palikuwa na nyingine, mpya, nyeupe, imekatwa sawasawa na kuingizwa ndani ya kile kioo kidogo ambako majina ya wapangaji wa kudumu yanakaa. Herufi kubwa. Zimepigwa rula.

Na M haipo. Jina letu linaanza na Mw, nyote mnalijua, na yeye ameanza na W moja kwa moja, nadhani aliona hakuna binadamu anayeweza kuanza jina namna ile, akatusahihishia ukoo. Babu angefufuka. Nilisimama pale na unga wangu nikacheka peke yangu mpaka mtu mwenye mbwa akavuka barabara.

Nilipanda ngazi nikiimba. Nikapika ugali, nikaungua kidole, sikujali. Jumapili nikapanda kivuko namba 62 kutoka Landungsbrücken hadi Finkenwerder na kurudi, tiketi yangu ya mwezi inakubali hadi majini, na hakuna anayekusukuma wala kukupandia mguu na pikipiki kama kwenye pantoni yetu ya Kigamboni. Nikakaa juu kwenye upepo. Ilipita meli ya kontena ikishuka kwenda baharini, nami nikawa nasoma alama za makampuni ubavuni mwa makontena kwa sauti, abiria wenzangu wakanipa nafasi.

Ila kwenye kurudi, karibu na bandari ya samaki, swali likaniingia. Karatasi ya zamani aliitoa nani? Kama ilidondoka yenyewe, au mvua iliilainisha, mzee akaona kengele haina jina, akadhani nimehama, hapo sawa, mambo yote yamekaa. Lakini inawezekana pia mzee alishaamua kwamba nimehama, ndipo akaibandua mwenyewe, maana kengele yenye jina la mtu asiyekuwepo kwake ni kosa sawa na baiskeli kwenye ngazi. Na Jumatatu alipogundua nipo, akarudisha kama mtu anayerekebisha daftari. Ushahidi wa selotepu hausaidii, kioo kimefutwa safi.

Mwenye nyumba wangu nimemuuliza, kasema hajui, tena hakuwa ameona tofauti yoyote. Mama anasema nisijisumbue, nimpelekee chapati nimuulize. Nimemweleza kwamba huku kumgongea mtu hodi bila taarifa ni sawa na kumwitia polisi, akasema basi nimwandikie barua kama wanavyopenda. Sentensi yangu ya Alhamisi haifai tena. Ya kumshukuru nimeianza, ila nikifika kwenye saini nakwama: nisaini kwa M au bila M?

Mbele ya ile W kuna nafasi. Nimeipima kwa ukucha, inaingia. Sijaigusa.

Haya, na la nyumbani. Fundi wa paa la mama kanitumia picha juzi kuonyesha mabati yamefikia wapi. Nimeikuza. Ile ndoo nyekundu na yule kuku mwenye mguu mmoja juu vipo palepale vilipokuwa kwenye picha ya wiki iliyopita, hata kuku hajashusha mguu. Hela ya awamu ya pili nilishaituma kwenye posho ya Oktoba. Mama anasema goti linamsumbua, hawezi kwenda nyuma ya nyumba kuhakiki, atamtuma mtoto wa jirani akitoka madrasa. Na huko wanasema vuli imeanza jana usiku.