Siku moja maishani mwangu: mlango wa nyuma kushoto

Saa 11 alfajiri. Adhana inanikuta nje, nafuta umande kwenye vioo. Mimi ni dereva wa teksi hapa Mikindani, na gari langu ni Toyota Fielder ambalo jua la Mombasa limeshalichubua paa. Oda ya kwanza ni mama na watoto wawili wanaowahi treni ya asubuhi kule Miritini. Nikabonyeza swichi ya loki: milango mitatu ikasema tak! Wa nne, wa nyuma kushoto, ukaguna tu kama mzee aliyeamshwa usingizini, na kile kitufe cha kando ya kishikio hakikusogea.

Mama yule hakusema neno. Alimvuta mwanawe kutoka upande ule akampakata. Afadhali angenitukana.

Saa 2 na nusu. Narudi nyumbani, nazima programu ya oda. Mahamri, mbaazi, chai ya tangawizi. Wiki iliyopita fundi mmoja, simtaji, aliniambia nibadilishe loki zote nne pamoja na boksi la umeme, akanitajia bei ya karibu kodi yangu ya miezi miwili. Nikajiuliza: ikiwa mitatu inafanya kazi, fyuzi ina kosa gani? Boksi lina kosa gani? Mgonjwa ni mmoja.

Saa 3. Natandika jamvi kivulini, chini ya mwarobaini. Kioo nilikipandisha kwanza, maana ukishachomoa soketi ya swichi yake kinabaki hapo hapo kilipo. Skrubu moja imejificha nyuma ya kishikio cha ndani, nyingine kwenye sehemu ya kuegemeza mkono. Zikitoka hizo, ubao wa mlango umeshikwa na klipu za plastiki pembeni, na hapo ndipo unapovuta huku umefumba macho. Zilivunjika mbili. Nyuma yake kuna nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi isiyokauka maisha. Hadi naandika haya iko kwenye kucha.

Saa 4. Natikisa mlango, nasikia maji yanacheza ndani kama kwenye dafu. Mvua hupita kwenye mpira wa kioo, hilo ni kawaida, lakini chini ya mlango kuna matundu ya kuyatolea. Yangu yalizibwa na mchanga. Nikachokonoa kwa waya, yakamwagika maji ya kutu hadi kwenye ndara zangu. Loki imekaa humo humo na unyevu huo, na hewa yenyewe ya chumvi. Ningekuwa mimi ningeguna pia.

Kabla ya kuitoa nikapima. Soketi yake ina waya kadhaa, mbili ndizo za mota. Nikaweka testa ya taa kati ya hizo mbili, binti yangu Zuhura akabonyeza swichi ya dereva. Funga: taa ikamweka ikazima. Fungua: ikamweka tena. Basi umeme unafika, na mwanangu akapata somo bila ada: mota ni ile ile moja, gari linageuza chanya na hasi tu, ikizunguka huku inafunga, ikizunguka kule inafungua.

Adhuhuri. Loki imeshikwa na skrubu tatu za kichwa cha nyota ukingoni mwa mlango. Tafuta bisibisi yake halisi. Ukilazimisha nyingine utazila vichwa, na hapo utamwita yule yule fundi. Kasha nikalibandua taratibu kwa kisu cha jikoni. (Mama Zuhura, kama unasoma, samahani.) Mota yenyewe ni fupi kuliko kidole gumba changu. Ndani, burashi, vile vipande vya kuipitishia mota umeme, zimelika na kila mahali ni unga mweusi. Nilikuwa nimenunua loki kuukuu kwa shilingi 800, ya mlango wa mbele. Kasha halifanani ila mota ni pacha. Nikahamisha, nikapaka grisi kidogo kwenye gia za plastiki, nikafunga.

Saa 8. Ami yangu alinifundisha: usibamize mlango kabla hujausukuma ulimi wa loki kwa bisibisi ukabana, kisha uvute kishikio uone kama unaachia. Nikafanya, kishikio cha nje, sawa kabisa. Nikarudisha ubao, nikajifungia ndani nisikilize. Rimoti, funga: tak! Fungua: tak! Raha ilioje. Nikavuta kishikio cha ndani nitoke. Kimya. Nikavuta tena, jasho linatiririka. Ikabidi Zuhura anifungulie kutoka nje huku anacheka.

Nikaufungua ubao upya. Nikaikagua kebo inayotoka kishikio cha ndani hadi kwenye loki mara tatu, dakika arubaini nzima, na kebo haina neno. Mama Zuhura akapita na jagi la juisi ya ukwaju, akainama akautazama ukingo wa mlango.

"Baba Zuhura, si hii ya kuzuia watoto wasifungue mlango?"

Akakisukuma kile kiswichi kwa ukucha. Mlango ukafunguka kutoka ndani. Bila shaka nilikigusa wakati naipachika loki. Nikanywa juisi yangu kimya kimya.

Saa 12 jioni. Nawasha programu, oda ya Changamwe, kijana na begi lake. Anakaa nyuma, kushoto. Nabonyeza swichi: tak moja tu, milango minne kwa pamoja. Natabasamu peke yangu hadi tuta la kwanza, ambapo ubao usio na klipu mbili unaanza kugongagonga.

"Dereva," anauliza, "mlango huu una nini?"