Jioni ya Stella Mwangi

Mei 2011 nilikuwa nafanya kazi katika nyumba ya wazee viungani mwa Oslo, zamu ya jioni. Kwa kawaida ikifika saa tatu usiku wengi wao huwa wameshalala, lakini Jumanne ile, tarehe 10, walikataa katakata. Nusu fainali ya kwanza ya Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, ilikuwa inarushwa moja kwa moja kutoka Düsseldorf, Ujerumani, na mwakilishi wa Norwei alikuwa Stella Mwangi.

Kwetu Kenya tulimfahamu zaidi kwa jina la STL, mwanarepa. Alizaliwa Nairobi, akahamia Norwei na familia yake akiwa mdogo, akakulia Eidsvoll, kaskazini mwa Oslo. Februari mwaka huo alishinda Melodi Grand Prix, shindano ambalo Wanorwei humchagulia mwakilishi wao, kwa wimbo wa “Haba Haba”: beti za Kiingereza, kiitikio cha Kiswahili. Eurovision ilianza mwaka 1956 na Kiswahili hakikuwa kimewahi kuimbwa pale. Mimi niliyezoea kukisema simuni tu, na nyumbani mlango ukishafungwa, nilikuwa nakisikia redioni asubuhi na jioni.

Niligawa dawa za usiku haraka haraka, nikavuta kiti. Stella alipanda wa pili, baada ya Poland. Wimbo wenyewe ni wa bibi anayemuusia mjukuu wake awe na subira, na mimi wosia ule niliupata kwa nyanya yangu sokoni Nakuru, akipima mahindi kwa gorogoro, anasawazisha juu kwa kiganja kisha anamwongezea mteja ngumi moja. Kiitikio kilipoingia mwili ulinisisimka. Pembeni yangu alikuwa mama mmoja aliyepita miaka tisini, ambaye siku nyingine hatamki neno kuanzia chai ya asubuhi hadi kulala. Vidole vyake vikaanza kugonga mkono wa kiti cha magurudumu. Kisha akaimba, kwa lafudhi yake nzito, “haba haba, haba haba”, bila kukosea mdundo.

Mwenzangu wa zamu akaguna kwamba wimbo wa Norwei ungefaa kusikika kama wa Norwei. Mzee mmoja, mwalimu wa historia mstaafu, akamgeukia. “Huyu binti ni wa Eidsvoll,” akasema, akarudisha macho kwenye televisheni. Eidsvoll ndiko katiba ya Norwei ilikotiwa saini tarehe 17 Mei 1814, na mwalimu yule hakuona haja ya kumweleza Mnorwei mwenzake zaidi ya hapo. Ningemkumbatia.

Nchi zilikuwa 19, nafasi za fainali 10. Wakatajwa Serbia, Ugiriki, Uswisi, Urusi. Iceland nayo ikapita, na hapo wazee wakapiga makofi, maana wale vijana walikuwa wanaimba kwa niaba ya rafiki yao, mwenye wimbo, aliyefariki Januari. Majina kumi yakaisha na Norwei haimo. Kimya kikatanda. Miaka miwili tu nyuma Alexander Rybak alikuwa ameipa nchi hii ushindi kwa pointi 387, rekodi ya wakati huo, kwa hiyo hakuna aliyetarajia kutolewa mapema namna ile.

Jumamosi Azerbaijan ikachukua ushindi. Matokeo kamili ya nusu fainali yakatoka: Norwei ya 17, pointi 30. Niliporudi kazini mwalimu alikuwa ananisubiri na hoja yake. Baada ya Stella, alisema, zilipigwa nyimbo nyingine 17. Mtazamaji wa Lithuania au Ureno angemkumbukaje kufikia mwisho? Angepangiwa kuimba karibu na mwisho, alisema, angepita. Nilikubaliana naye siku ile na sijabadili mawazo. Wimbo ule ulistahili fainali.