Kalamu chini kwanza: nilivyowafundisha wanafunzi kusikiliza mihadhara

Ushauri niliopewa na kila niliyemuuliza ulikuwa huohuo: "Wasikilizishe sana, watazoea." Niliufuata muhula mzima, rekodi baada ya rekodi, maswali kumi kila moja. Waliokuwa hawashiki kitu walibaki vilevile, ila sasa walijiona wajinga. Hadi leo ushauri ule unaniudhi, kwa sababu haumwonyeshi mwanafunzi ni wapi anapotelea.

Mimi mwenyewe nilipaona siku nilipokusanya madaftari. Mhadhara ulihusu mmomonyoko wa udongo. Binti mmoja, mwenye bidii kweli, alikuwa ameandika: "Sababu ya pili ni kwamba maji ya mvua yanapo..." Basi. Mstari mtupu, kisha sentensi nyingine, nayo imekatika. Alikuwa akifukuzana na kila neno. Mzungumzaji husema maneno kama 120 hadi 150 kwa dakika. Mkono wa kawaida hauandiki hata thuluthi yake. Kibaya zaidi, nusu ya darasa waliandika kama ukweli hoja ambayo mhadhiri aliitaja ili aipinge. Aliposema "hata hivyo", wao walikuwa wameinama wakimalizia sentensi iliyopita.

Nikawaambia: kalamu chini. Walinung'unika! Nikasoma kifungu cha dakika mbili kwa mwendo wa kawaida, kazi yao ikiwa kuinua mkono kila hoja inapogeuka: hata hivyo, kwa upande mwingine, wapo wanaodai kwamba. Mara ya kwanza ilipanda mikono mitatu. Baada ya wiki chache ilikuwa inapanda kabla sijamaliza kutamka.

Usomaji wa pili, kalamu mkononi, lakini maneno makuu tu. Kisha wanne wanne wanakijenga upya kifungu kutokana na walichonacho. Utamu uko hapo. "Alisema ukataji miti ndio sababu." "Hapana, alisema wengine wanadhani ndio sababu!" Yule binti ndiye aliyeshikilia msimamo, na alikuwa sahihi. Mimi nilikaa pembeni, sikuamua chochote mpaka waliponiomba nisome tena.

Istilahi ngumu naziandika ubaoni kabla, tano au sita, si zaidi. Rekodi siipunguzi kasi, maana mhadhiri hatawapunguzia, naisimamisha penye kituo na kuuliza, "Sasa atasema nini?" Na kwa maandishi natumia mtindo wa Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell: upande mpana wa kulia ni wa hoja, ule mwembamba wa kushoto ni wa maswali. Maswali yaandikwe siku hiyohiyo. Wakisubiri wiki iishe, hata mwandiko wao wenyewe hawauelewi.

Mwisho wa muhula uliofuata nilikusanya madaftari tena. La yule binti lilikuwa na ukurasa mmoja tu kwa mhadhara mzima: mishale, maneno machache, na katikati, kwa herufi kubwa zilizozungushiwa duara mara mbili, LAKINI.