Nilivyofuga samaki aina ya korido Mombasa baada ya watatu wa kwanza kunifia

Kwetu Tudor mgeni akiingia sebuleni akaona tangi, swali la kwanza ni hawa wanaliwa? Mamangu ndo usiseme, mwaka mzima alikuwa akiniambia samaki hununuliwa akatiwa nazi, hawekwi ndani ya kioo akawashiwa taa. Sasa korido ni vikambare vidogo asili yake Amerika Kusini, mkubwa wake sentimita 6 au 7 hivi, na mwili wote una vipande vya mfupa vilivyopangwa safu mbili kila ubavu kama bati za paa, ungemla ungebaki kutema tu.

Nilianza na watatu wale wa rangi ya shaba. Muuzaji akaniambia chukua hawa ndo mafagio, wanakula uchafu wote hutasafisha tangi tena. Uongo mtupu. Korido hali mavi ya wenzake, anachotafuta ni chakula kilichozama, na ukimwachia makombo ya samaki wa juu anakonda hadi unaona tumbo limeingia ndani. Na watatu ni wachache, hawa ni samaki wa kundi, chini ya sita wanajificha nyuma ya filta kutwa nzima unajiuliza pesa yako imeenda wapi.

Kosa langu kubwa lakini ni mchanga. Nilienda zangu ufuoni Nyali nikachota ndoo moja, nikaosha mara kumi, nikatia, mweupe wapendeza, nikajiona fundi. Wiki kama tatu hivi nikawa nimekaa mbele ya tangi usiku na tochi ya simu, mmoja akaja karibu kabisa na kioo, nikaona sharubu zake za upande wa kushoto zimeisha, zimebaki vigutu viwili vyeupe. Korido bila sharubu ni kama mtu aliyefungwa macho ukamwambia tafuta sindano, hizo ndo anazotumia kunusa na kupapasa chini. Ule mchanga ulikuwa na vipande vya kauri na matumbawe vyenye makali, na juu ya hapo nilikuwa nalisha sana, chakula kinaoza chini mumo humo wanamoingiza midomo, kwa hiyo kidonda kikipata hakiponi. Halafu nikachukua kijiko cha ule mchanga nikamwagia siki ya kachumbari, ukatoa povu! Maana yake ni chokaa, inayeyuka polepole inafanya maji kuwa magumu, na hawa wengi kwao wamezoea maji laini. Nikautoa wote. Nikaenda hadwea nikaomba mchanga wa mto ule laini wa plasta, nikauchekecha, nikauosha hadi maji yakatoka meupe, siki haikutoa kitu. Na hapo ndo nikaona raha yao kwa mara ya kwanza, anauzamisha uso hadi machoni, anameza mchanga, anautolea kwenye mashavu kama mtu anayepepeta mchele.

Maji nayo ni hadithi nyingine. Plot yetu tuna kisima, maji ya chumvi, ukipikia chai unaijua. Korido na chumvi hawapatani, hata ile tabia ya kutia chumvi kila samaki akiugua msifanye kwa hawa. Kwa hiyo natumia maji ya mfereji yakitoka, yasipotoka nanunua mitungi miwili kwa jamaa wa mkokoteni baada ya kumuuliza mara tatu ameyatoa wapi, nayaacha kwenye pipa na ile dawa ya kuua klorini ndo nitie. Kila wiki nabadilisha robo ya tangi, tangi langu ni la lita 90, na sponji ya filta naikamua ndani ya maji niliyoyatoa tangini, sio chini ya mfereji, manake bakteria wanaokula amonia, ile sumu inayotokana na mavi ya samaki, wanaishi mumo humo na klorini inawaua.

Basi kila kitu kikawa sawa ikaja Machi. Nyie mnaijua Machi ya hapa, kaskazi imekata, upepo hakuna, hata ukuta una joto. Themomita ikafika 31. Korido ana kawaida ya kupanda juu mbio akavuta pumzi ya hewa akarudi chini, hiyo ni sawa, hewa ile anaimeza na utumbo unaichukua, lakini wangu walikuwa wanapanda kila dakika kama lifti. Maji ya moto hayashiki oksijeni ya kutosha. Na usiku huo stima ikapotea, pampu ikazima, asubuhi wawili wamelala ubavu, wa tatu akafuata Ijumaa. Mamangu hakusema kitu, alinitilia chai tu.

Niliporudi tena nilichagua korido aina ya sterbai, wale wenye madoa meupe kichwani na miiba ya rangi ya machungwa, hao asili yao ni mto Guaporé huko Brazili na Bolivia na wanastahimili hadi 28 kuliko wenzao. Niliagiza sita Nairobi wakaja na basi la usiku ili wasikutane na jua la Mariakani, mifuko miwili miwili maana miba yao inatoboa plastiki. Mmoja alinasa kwenye wavu nikajifanya daktari, akanidunga kidole, sio mwiba wa hongwe, yule kambare wa baharini, lakini kiliwaka hadi magharibi. Siku hizi nawateka kwa bakuli. Joto nalo nikaliwekea feni ndogo inapuliza juu ya maji, kifuniko wazi, inashusha digrii mbili tatu siku za jua, mvua za Mei zikileta unyevu haifui dafu sana lakini hapo hata joto limepungua. Maji yanayopungua naongezea matamu tu kwa sababu chumvichumvi haipandi na mvuke, inabaki. Na nina pampu ya betri, stima ikizima yenyewe inawaka.

Mwaka uliofuata mvua za masika zilipoanza nilibadilisha maji kwa yaliyokuwa baridi kidogo usiku, asubuhi nikaenda kazini. Kurudi, mamangu ananiambia kwa furaha nimekusafishia kioo, kilikuwa na vitone vitone vya uchafu. Nilikaa chini. Yalikuwa mayai. Sikuweza hata kumkasirikia, alikuwa ameshika tambara anangoja shukrani.

Wiki mbili baadaye simu ikaita saa nne asubuhi niko kazini. "Wewe, wamebandika tena, sijagusa, na huyu mnene anataka kuyala, nifanye nini?" Nikamwelekeza ayaviringe kwa kidole moja moja ayatie kwenye mkebe wa aiskrimu na mrija wa hewa. Alihesabu 43. Mengine yakaota ukungu, lakini siku ya nne vikaanza kutoka vijimkia, na leo vimebaki 11, kila kimoja kama punje ya mpunga na sharubu zake zote, na mgeni akiuliza wanaliwa, anayejibu ni yeye.