Mkaza mwana wa Yaughton

Jumatano, saa sita kasorobo usiku

Umeme ulirudi saa tatu na nusu, nikaenda moja kwa moja mbele ya televisheni kama mtu anayedaiwa. Mume wangu yuko Dodoma hadi Ijumaa, kwa hiyo PS4 yake, mashine ya kuchezea gemu, haina mwenyewe. Usiku huu nimemaliza gemu iitwayo Everybody's Gone to the Rapture. Ni wiki nzima natembea humo ndani. Nasema kutembea kwa sababu humo hakuna kazi nyingine.

Shemeji yangu mdogo, ana miaka 12, alikaa nami siku ya kwanza.

"Shemeji, adui yuko wapi?"

Hakuna.

"Bunduki je?"

Hakuna.

"Sasa unakufaje?"

Hufi. Aliniangalia kama mtu anayekula ugali mkavu kwa hiari yake, akachukua mpira wake akatoka.

Gemu hii ilitengenezwa na studio ya Uingereza iitwayo The Chinese Room, ikatoka mwaka 2015. Unajikuta kwenye kijiji cha kubuni, Yaughton, mkoa wa Shropshire, Juni 1984. Watu wote hawapo. Nilizoea kwamba dunia ikiisha kwenye gemu lazima pawe na vumbi, magofu na magari yenye kutu. Hapa maua yamechanua na jua ni la asubuhi. Nguo bado ziko kwenye kamba, sigara inafuka kwenye kisahani cha majivu. Ukiangalia vizuri ndipo unaona ndege waliokufa barabarani na tishu zenye damu, maana watu walikuwa wakitoka damu puani kabla ya kuondoka. Mahali fulani simu inalia. Nilikimbilia ile ya kwanza kama ni yangu.

Niseme nilijaribu kukimbilia. Mwendo wa gemu hii ni wa mtu aliyeshiba pilau. Ilipotoka wachezaji walilalamika sana, ndipo watengenezaji wakaeleza kwamba ukibana kitufe cha R2 kwenye pedi bila kuachia unaongeza mwendo kidogo kidogo. Mimi nililigundua hilo nikiwa nimeshafika karibu nusu, baada ya kupanda kilima kimoja mara tatu nikitafuta njia.

Anayekuongoza ni mpira wa mwanga unaoelea. Unaufuata, na mahali pengine unainamisha pedi polepole, kama anayetafuta stesheni kwenye redio ya zamani, mpaka mwanga unapasuka na kuwa watu. Hawana sura, ni michoro ya cheche tu. Wanaongea maneno waliyoongea siku zao za mwisho, halafu wanazimika.

Na wanaongea nini? Nilitegemea vilio na dua. Dua zipo, yupo padri Jeremy na kanisa lake. Lakini sehemu kubwa ni umbea. Nani alimwacha nani, nani hakuja kumuuguza mkewe, kwa nini Stephen ameonekana na Lizzie, mpenzi wake wa zamani. Stephen ni mwanasayansi kwenye kituo cha kuangalia nyota hapo kilimani, na mkewe Kate anafanya kazi hapo hapo. Kate ni Mmarekani. Mama yake Stephen, bibi mmoja anaitwa Wendy, hakumpokea Kate hata siku moja.

Hapo ndipo nilipoacha kucheza na kuanza kusikiliza.

Mimi ni mtu wa Songea, nimeolewa Muheza. Mama mkwe wangu ananiita mwanangu, na hajawahi kunikosea adabu usoni. Ila dirisha la chumba chetu limeangalia uani, na uani ndipo anapokaa na jirani yake kumenya machungwa. Mchuzi wangu nimeshausikia ukijadiliwa humo zaidi ya mara moja. Nazi haikolei, maji yanacheza ndani, watu wa kule sijui wanapikaje. Sijawahi kuitikia. Nachukua ndoo, napita katikati yao, "shikamoo mama," "marahaba mwanangu," basi.

Kwa hiyo nilipomsikia Wendy akimzungumzia Kate, mwili ulinisisimka. Kijiji kizima kimetoweka, mbingu zimeshuka, na maneno ya mama mkwe bado yananing'inia hewani yakisubiri mtu ainamishe pedi. Nilikaa upande wa Kate kwa siku mbili. Nilimchukia yule bibi, nikawa naingia kwenye nyumba za watu natafuta ushahidi zaidi dhidi yake. Halafu gemu ikanipa sehemu nzima inayomhusu Wendy mwenyewe, akiwa mtu mzima mpweke anayehangaika na watu wake, nikakasirika, maana sikutaka kumhurumia.

Jana ndiyo siku niliyotaka kuiandika hasa. Nilikuwa nimeongeza sauti kwa ajili ya muziki. Umetungwa na Jessica Curry, una kwaya inayopanda na kushuka taratibu, na mwaka 2016 ulipata BAFTA, tuzo ya Uingereza ya filamu, televisheni na gemu. Mlango ukafunguliwa. Mama, na kanga yake ya kulalia.

"Kwaya ya wapi hiyo?"

Yeye ni Mwanglikana wa Magila, kwaya haimpiti. Nikamwambia ni Uingereza. Akaketi kwenye ukingo wa kochi, kama mtu asiyekusudia kukaa. Nikampeleka kanisani, ndani ya gemu, nikasimama katikati ya viti ili aangalie. Akatikisa kichwa. Sijui alikubali nini.

Kisha mwanga ukapasuka, mama mmoja akaanza kusema.

"Anasemaje huyo?"

Ningeweza kudanganya. Kiingereza cha pale hata mimi nakifuata kwa maandishi ya chini. Lakini nilimwambia: anamsema mkaza mwana wake. Ni mgeni, ametoka mbali, wenyeji hawajamzoea.

Kimya kikapita. Nikashika pedi kwa nguvu, macho yangu kwenye kioo.

"Anapika?" akauliza Mama.

"Nani?"

"Huyo mkaza mwana."

"Hawajaonyesha, Mama. Anashinda anaangalia nyota."

"Basi ndiyo hapo."

Nilicheka peke yangu, halafu naye akacheka, kidogo, kwa pua. Akauliza kama hao wawili walikuja kupatana. Nikamwambia sijafika mwisho. Akasema haya, akanyanyuka, akanikumbusha nifunge geti.

Leo jioni nilikuwa jikoni nakuna nazi, ya pili, sikuombwa. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa kumi. Akapita mlangoni na kibatari, akasimama.

"Ukirudi," akasema, "usitembee peke yako. Niite."

Sikumwita. Alikuwa ameshalala. Itabidi kesho nianze tena tangu mwanzo.